Nimemchorea jukwaa, yeye ananiuliza choo kiko wapi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, naishi Morogoro na mke wangu na watoto wetu watatu. Nimeajiriwa kama mtunza stoo katika kampuni moja hapa mjini. Mshahara si mkubwa lakini mwisho wa mwezi unaingia, siwezi kulalamika. Hayo ni ya mchana. Usiku na wikiendi mimi ni mpiga gitaa la solo. Tuna bendi ya watu sita, tunapiga kwenye harusi, sendofu, kipaimara, na mara mojamoja kwenye hoteli.

Shida yangu ni kwamba huko kote wanataka kopi, yaani nyimbo za wengine. Nina daftari zima la nyimbo nilizotunga mwenyewe, tumezifanyia mazoezi, wenzangu wanazijua. Lakini tukianza kuuchombeza mmoja kwenye harusi, MC anatupungia mkono tukate, bibi harusi anaingia na wanataka ule uleule wanaoujua. Mwaka unaisha, mwingine unaanza, hakuna mtu nje ya bendi aliyewahi kusikia wimbo wangu hadi mwisho.

Ndiyo maana nataka kufungua baa. Si klabu ya wenye pesa. Nataka baa ya mtaa, mtu akitoka kazini anakaa, anaagiza nyama choma, wanaitana majina, na Ijumaa na Jumamosi bendi inapiga dansi lenyewe. Shangazi, huu ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, ni mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Leo ukizunguka baa zetu utakuta runinga ya mpira na spika ya kuchezesha fleshi.

Eneo nimeshalipata, liko Kihonda. Palikuwa baa, aliyepanga anaondoka. Kuna uwanja wa wazi, mwembe mkubwa, na kaunta ya zege tayari. Nyuma kuna nyumba za watu na zahanati, kwa hiyo pamechangamka. Tangu treni ya SGR ianze Juni 2024 wageni wanaoshuka Morogoro wameongezeka. Mwenye nyumba anataka laki nne kwa mwezi, mwaka mzima mbele. Anayeondoka anataka kilemba, pesa ya kuniachia eneo, cha milioni tatu. Nina akiba ya milioni 14, na SACCOS ya kazini wako tayari kunikopesha milioni 10. Hesabu yangu ni hii: bia moja inanipa faida ya shilingi 500, na wenzangu wa bendi nitawalipa elfu thelathini kila mmoja kwa usiku, maana sitaki kuwadhulumu. Ikifika Desemba naacha kazi.

Jukwaa nimeshalichora. Mita sita kwa nne, limeinuliwa futi mbili, liko upande wa magharibi ili jua la jioni lisitupige machoni. Ampu ya besi itakaa pembeni ya shina la mwembe. Mchoro huo nilimwonyesha mke wangu nikiwa na furaha zote. Yeye ana duka la mchele na unga sokoni, ameliendesha miaka yote bila kukopa popote. Aliutazama kidogo, akauliza, "Choo kiko wapi?" Basi. Hakusema kingine. Nilijisikia vibaya sana, nikaukunja mchoro nikaondoka. Mama yangu naye ni mtu wa kanisani, alisikia kwa mdogo wangu, akalia, akasema pesa ya pombe haina baraka.

Mwenye nyumba anataka jibu kabla mwezi haujaisha, anasema kuna mtu mwingine analipigia hesabu. Naogopa nikikosa hapa nitazeeka na daftari langu. Nifanyeje?

Mpiga Solo, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi. Jukwaa umenipa kwa mita na kwa futi, umenipa na mahali jua linapozamia. Friji sijaziona. Sijaona tangi la maji, mlinzi, mchoma nyama, jenereta, wala jina la mtu atakayeshika kaunta. Mtu anayeota baa huanzia kaunta. Wewe umeota jukwaa, kisha ukalizungushia baa ili lipate pa kusimama.

Kwa hiyo una ndoto mbili, umezifunga kwenye kifurushi kimoja, na mke wako amekifungua kwa maneno matatu.

Hebu tuichukue Jumamosi moja, saa tatu usiku. Uko jukwaani, wimbo ni wako, umeingia kwenye solo, na watu wamesimama kucheza. Mhudumu anakuja pembeni ya jukwaa: meza ya mwembeni wameondoka, hawajalipa. Kaunta anaomba chenji. Mchoma nyama anasema mbuzi amekwisha na kuna watu wameshalipia. Mteja anamwonyesha binti wa watu simu kwamba ameshatuma kwa lipa namba, ujumbe haujaingia, wanaanza kupandishiana sauti. Umeme unakatika. Nani anaweka gitaa chini? Ni wewe, maana baa ni yako. Na usipoliweka, asubuhi kwenye kufunga hesabu chupa zilizotoka na pesa iliyoingia hazitakutana. Wewe ni mtunza stoo, shoti huhitaji kufundishwa na mtu. Nashangaa ujuzi huo wote umeuacha kazini, kwenye barua hii haupo.

Maana hesabu zako umeziandika wewe mwenyewe, ila hukuzigawanya. Wenzako watano kwa elfu thelathini ni laki na elfu hamsini kwa usiku. Kwa faida ya shilingi 500, hizo ni bia 300 ziuzwe ndipo wanamuziki walipwe, na wewe mwenye baa bado hujapata hata nauli. Ijumaa na Jumamosi ni bia 600. Pango la mwezi mzima ni bia 800. Maana yake kwa mwezi wa wikiendi nne bendi yako inameza mara tatu ya pango, na sijagusa umeme, mishahara, leseni wala kodi ya TRA. Na hapo nimehesabu kana kwamba hakuna anayekunywa bure. Mwenye baa anayepiga gitaa ana marafiki wengi, na wote wanategemea ofa.

Ndiyo maana kwenye kumbi za dansi utaratibu uliozoeleka ni kwamba kiingilio cha mlangoni ni cha bendi, vinywaji ni vya mwenye ukumbi. Kila mmoja anakula kwa jasho lake. Wewe umejipangia kulipa bendi kutoka kaunta, yaani umechukua gharama za pande zote mbili ukaziweka kwenye mfuko mmoja.

Umewataja wazee wa mji wako, nami nina la kusema kuhusu muziki huo. Historia ya dansi ni historia ya nani anamiliki vyombo. NUTA Jazz, hawa tunaowaita Msondo, waliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya chama, wanamuziki walikuwa waajiriwa wa mshahara. Mlimani Park, Sikinde, walianza 1978, na baadaye wakawa chini ya DDC, shirika la jiji la Dar es Salaam lililokuwa na mabaa na kumbi zake. Ukitaka kuona maana yake, mfuate marehemu Muhidin Gurumo: alitoka kule kwa wafanyakazi akaenda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo. Mwimbaji mkubwa kama yule, na kila alipohama aliondoka na sauti yake tu. Magitaa na spika vilibaki kwa mwenye mali. Kuvuka ziwa ni hivyohivyo: OK Jazz ya Franco, mpiga gitaa wa Kongo, ilizaliwa 1956 ndani ya baa ya Oscar Kashama pale Léopoldville, Kinshasa ya leo, na herufi OK zilikuwa za baa ile. Franco alikuja kuwa na ukumbi wake mwenyewe, Un Deux Trois pale Matonge, katika miaka ya 70, akiwa ameshakuwa Franco. Kwanza jina, kisha kaunta. Na Mbaraka wenu, alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973, alikwenda kuunda Super Volcano. Alianzisha bendi. Baa waliiendesha wengine, naye akaenda kupiga.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako halina pombe ndani yake. Vyombo mnavyopigia harusi ni vya nani? Hukuniambia, na nahisi mnakodi. Kama mnakodi, basi hapo ndipo akiba yako iende, sehemu yake tu: spika mbili za nguvu, mixa, maiki, ampu ya besi. Nunua kwa jina lako, tunza risiti. Mwenye vyombo anapiga simu baa yoyote mjini na kusema, "Nakuja Alhamisi na bendi yangu, nguvu zote ninazo, wewe niachie mlango tu." Hakuna mwenye baa atakayekataa bendi isiyomgharimu kitu siku ambayo meza zake zimekaa tupu. Usiombe Jumamosi, na usiombe siku ya Simba na Yanga, utapigia viti. Omba Alhamisi au Jumapili jioni, siku ya watu wazima waliochoka na kelele.

Andikianeni. Karatasi moja inatosha: mlango ni wa nani, bendi inakula na kunywa nini kwa gharama ya nani, mnaanza saa ngapi, mnamaliza saa ngapi. Kiingilio kiwe kidogo, mtu wa mlangoni awe wenu.

Halafu hapo, mwanangu, ndipo daftari linapofunguliwa. Harusi usiilaumu. Watu wamechanga, wana ratiba, wanataka wimbo wanaoujua ili shangazi wa bwana harusi ainuke. Usiku wako mwenyewe hauna MC. Piga kopi tatu wakolee, ingiza wako mmoja, rudi kwenye kopi. Rudia wimbo huohuo kila Alhamisi. Mtu akiusikia wiki ya tatu anaanza kuitikia kibwagizo bila kujijua, na wiki anayokuja kukuuliza "ule wa jina gani vile?" utajua umepata wimbo. Ule usioulizwa na mtu baada ya miezi, utoe, hata kama unaupenda. Kabla hujaanza kuzipiga hadharani nenda kazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na bendi ijisajili BASATA, baraza la sanaa, ili mtu asije kuwasumbua kuhusu vibali.

Sasa tuje kwenye baa, maana sijasema usiifungue kamwe.

Mke wako aliuliza choo. Wewe ulisikia dharau, mimi nimesikia mtu wa biashara. Baa ya mtaa inaishi kwa choo chake. Kama cha wanawake hakina komeo wala maji, mwanamke atakaa bia moja, ataondoka, na aliokuja nao wataondoka naye. Bwana afya naye akija kukagua ataanzia hukohuko, jukwaa lako hataliuliza. Huyo mama ameendesha duka bila kukopa, anajua mzigo unaingia lini na mteja gani hapewi mali kauli. Katika barua yako nzima ndiye mtu pekee mwenye sifa za kumiliki baa, na umempa mistari minne.

Lakini usikimbie kumfanya meneja. Mke wa mtu kushika baa si jambo dogo mtaani kwetu. Kuna watakaomwita majina, kuna walevi watakaomshika mkono, na usiku wa manane yeye atakuwa huko wakati watoto wako nyumbani. Ana haki ya kusema hapana na duka lake likabaki duka. Kaa naye, mfungulie ule mchoro uliokunja, mwombe achore vitu vyote ambavyo wewe hukuvichora. Kisha nyamaza, msikilize. Akisema hapana, jua kwamba baa yako haina meneja, na baa ambayo haina meneja na mwenyewe yuko jukwaani ni sadaka.

Kuhusu lile eneo la Kihonda, kuna mambo yananikereketa. Umeandika kwamba nyuma kuna zahanati na nyumba za watu, ukaiita sifa. Bendi ya watu sita, ampu ya besi, uwanja wa wazi, wagonjwa ukutani? Mwaka 2022 NEMC, watu wa mazingira, walipita mijini wakizipiga faini na kuzifunga baa na kumbi kwa sababu ya kelele, na malalamiko ya namna hiyo huanza kwa jirani asiyelala. Tena maombi ya leseni ya vileo yanapitia mtaani na kwenye kata kabla hayajafika halmashauri. Hao majirani ndio watakaoulizwa. Leseni nayo ina saa zake za kufunga, baa ya kawaida hairuhusiwi kukesha. Kabla ya mita sita kwa nne, ungekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumuuliza kwa nini aliyepo anaondoka. Au nenda jioni ya Jumanne, agiza soda, uhesabu vichwa.

Na hicho kilemba ni cha nini? Kaunta ya zege ni ya mwenye nyumba. Mwembe ni wa Mungu. Kama anasema kilemba kinajumuisha friji, kaangalie nembo mlangoni. Friji nyingi kwenye baa zetu ni za kampuni za bia, wamemwekea auzie bia zao, si mali yake ya kumuuzia mtu. Kreti tupu mhesabu pamoja, moja moja. Ukitoa kilemba na pango la mwaka umeshatumia milioni saba na laki nane, zaidi ya nusu ya akiba, na hujanunua hata bia moja.

Kuacha kazi Desemba, hapana. Tena hapana kubwa zaidi kwa ule mkopo. SACCOS wanakukopesha kwa sababu mshahara unapita kwao. Siku ukiacha kazi makato yanakatika, na watakaofuatwa ni wadhamini wako, yaani wenzako wa stoo, watu wenye ada za watoto kama wewe. Huwezi kujenga jukwaa juu ya mishahara ya wenzako.

Mama yako usibishane naye habari za baraka. Hutashinda, na hata ukishinda umepata nini? Kosa ni kwamba alisikia kwa mdogo wako. Nenda mwenyewe, mwambie unachotaka ni kupiga nyimbo zako, na mwimbie mmoja pale sebuleni. Wamama wa kwaya wana masikio makali, anaweza kukwambia ubeti upi umelegea.

Umeuliza pia, bila kuuliza, kama utazeeka na daftari. Kwa mpango wako wa sasa, ndiyo, tena haraka zaidi, kwa sababu mwenye baa mpya hana jioni ya kutunga. Atakuwa anahesabu kreti. Kwa mpango wa Alhamisi unaweza kuanza mwezi ujao, mshahara ukiwa bado unaingia, na baada ya mwaka utajua mambo ambayo leo huyajui: bendi yako inavuta watu wangapi kwa kiingilio, wanakunywa nini, wanaondoka saa ngapi. Ukija kufungua baa na mama watoto ukiwa na hesabu hizo, hata benki itakusikiliza.

Mwenye nyumba mpigie kesho, usisubiri mwisho wa mwezi. Mwambie hulichukui eneo kwa sasa. Akikwambia kuna mwingine analipia Jumatatu, mwambie ampe. Morogoro inajengwa kila siku, na uwanja mwingine wenye mwembe utapatikana, tena usiopakana na zahanati.

Shangazi